Saruji iliyofichwa chini ya ufizi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende. Katika tiba ya meno ya siku hizi uko mwiba mmoja uliodharauliwa kwa muda mrefu, nao ni chembe ya saruji inayobaki chini ya ufizi baada ya taji kubandikwa juu ya jino la kupandikiza. Chembe hiyo huweza kuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Mwenye jino haioni, na mara nyingi hata daktari aliyelibandika taji haioni. Hata hivyo, ndiyo inayoweza kuufanya ufizi uvimbe, utoke damu na usaha, na hatimaye mfupa wa taya uliwe kidogo kidogo mpaka jino lililogharimu fedha nyingi na miezi mingi ya kungoja lilegee na kutolewa.

Jambo hili lisingestahili nafasi gazetini lau kama lingekuwa ajali isiyoepukika. Lakini sivyo. Saruji haifiki chini ya ufizi kwa nguvu za maumbile. Hufikishwa huko na mkono wa mtaalamu, na mkono huo huo una uwezo wa kuizuia. Kibaya zaidi ni kwamba ufizi unapougua, anayelaumiwa kwanza ni mgonjwa, eti hajui kupiga mswaki. Ni haki, basi, ukweli wa jambo hili uelezwe kwa lugha ambayo mtumishi ofisini na mwalimu darasani wataielewa, kwani nao wamo miongoni mwa watu wanaofikiria kuziba mapengo yao kwa njia hii.

CHANZO CHAKE

Elimu ya kupandikiza meno kama inavyojulikana leo ilitoka Sweden. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia vyombo vidogo vilivyotengenezwa kwa titani. Alipotaka kuvitoa vyombo hivyo aliviona vimeshikamana na mfupa hata havitoki. Badala ya kulihesabu jambo hilo kuwa hasara, alilifanya kuwa elimu. Mwaka 1965, mjini Göteborg, mgonjwa wa kwanza aliwekewa meno yaliyosimama juu ya vipande vya titani vilivyotiwa ndani ya taya. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982 uliifungulia elimu hiyo milango ya nchi nyingi. Brånemark alifariki dunia mwaka 2014, lakini kazi yake imo leo katika vinywa vya mamilioni ya watu.

Jino la namna hii lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kipandikizi chenyewe, ambacho ni mfano wa skrubu ya titani inayokaa ndani ya mfupa mahali pa mzizi. Ya pili ni nguzo, ambayo hufungwa juu ya kipandikizi na kupenya ufizi hadi kinywani. Ya tatu ni taji, yaani ile sura ya jino inayoonekana mtu anapocheka, ambayo aghalabu hutengenezwa kwa kauri. Swali ambalo wagonjwa wengi hawaulizi ni hili: taji hilo limeshikizwa kwa kitu gani juu ya nguzo?

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni skrubu, na ndiyo waliyoitumia Brånemark na wenzake. Taji la skrubu huachiwa tundu dogo, ambalo huzibwa kazi inapomalizika. Siku likihitaji kusafishwa au kutengenezwa, daktari hulifungua na kulitoa pasipo kuliharibu. Njia ya pili ni saruji ya meno. Madaktari wengi waliipendelea baadaye, na sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Walikwisha kuzoea kubandika mataji kwa saruji juu ya meno ya asili. Saruji haihitaji tundu la skrubu linaloharibu sura ya jino. Kadhalika, inafaa pale kipandikizi kilipokaa mshazari, hata tundu la skrubu lingetokeza upande wa mbele wa jino na kuonekana na kila mtu.

Lakini mazoea ya jino la asili yalihamishiwa kwenye jino la kupandikiza bila ya kuuliza kwanza kama ufizi unaoyazunguka meno hayo mawili ni wa namna moja. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

FIZI MBILI TOFAUTI

Ufizi wa jino la asili umeshikamana na mzizi kwa nyuzi ambazo ncha zake zimezama ndani ya tabaka gumu la mzizi huo, kama kamba za hema zilizofungwa kwenye vigingi vilivyokazwa ardhini. Kitu kigeni kikisukumwa chini, hukutana na kizuizi cha nyuzi hizo. Titani haina tabaka kama hilo. Nyuzi za ufizi hukizunguka kipandikizi au hupita sambamba nacho bila ya kuingia ndani yake. Hukikumbatia kama ukosi wa shati unavyoizunguka shingo. Kwa hiyo saruji ambayo bado ni laini, ikiminywa na taji wakati wa kubandika, huweza kuteremka kwa urahisi hadi mahali ambapo jicho halioni na mkono haufiki.

Isitoshe, kati ya mzizi wa asili na mfupa upo utando wa nyuzi wenye mishipa mingi ya damu, ambao pia huulisha ufizi. Kipandikizi hakina utando huo, kwani titani hugusana na mfupa moja kwa moja. Damu inayoufikia ufizi wake ni chache zaidi, na ugonjwa ukishaingia haupati kizuizi cha kutosha kabla ya kuufikia mfupa.

Saruji ikigandia hapo, uso wake huwa wa kukwaruza. Bakteria hupata maficho, ukoga hujijenga juu yake, na mswaki haufiki. Mwili nao huiona saruji hiyo kuwa kitu kigeni na kupambana nayo kama unavyopambana na mwiba. Ugonjwa unaofuata una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza ni ufizi peke yake unaougua: huwa mwekundu, huvimba, na hutoka damu unapoguswa. Hatua hiyo yaweza kutibiwa na ufizi ukarudia hali yake. Katika hatua ya pili mfupa unaokishika kipandikizi huanza kuliwa. Matibabu ya hatua hii ni magumu, matokeo yake si ya uhakika, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi kwa urahisi. La hatari zaidi ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Mgonjwa huendelea kutafuna na kucheka kama kawaida huku nyumba ikiliwa na mchwa kutoka msingini.

USHAHIDI

Haya si maneno ya kubahatisha. Mwaka 2009 Thomas Wilson, daktari wa magonjwa ya fizi huko Dallas, Marekani, alichapisha uchunguzi alioufanya kwa kutumia endoskopi, yaani kijibomba chembamba kinachomwezesha daktari kutazama chini ya ufizi bila ya kuupasua. Alivichunguza vipandikizi 42 vilivyokuwa na dalili za ugonjwa, vyenye mataji yaliyobandikwa kwa saruji. Katika 34 kati ya hivyo, yaani asilimia 81, alikuta mabaki ya saruji. Katika vipandikizi 20 vya kulinganishia, ambavyo vilikuwa vizima, hakukuta saruji hata kimoja. Saruji ilipoondolewa, dalili za ugonjwa zilitoweka katika vipandikizi 25 kati ya 33 vilivyofuatiliwa.

Jambo la kutisha katika uchunguzi huo ni muda. Dalili zilijitokeza tangu miezi 4 hadi zaidi ya miaka 9 baada ya taji kubandikwa, na kwa wastani ni miaka 3. Katika miaka 3 mgonjwa amekwisha kusahau siku aliyobandikiwa taji, stakabadhi imepotea, na huenda daktari aliyeifanya kazi hiyo amehamia mji mwingine. Ni nani basi atakayekumbuka saruji?

Huko Vilnius, Lithuania, Tomas Linkevicius na wenzake walichapisha mwaka 2013 uchunguzi uliohusu, miongoni mwa mengine, vipandikizi 73 vilivyokutwa na mabaki ya saruji. Kati ya hivyo, 62 vilikuwa na ugonjwa, sawa na asilimia 85. Waliopata kuugua fizi za meno yao ya asili kabla ya kupandikiziwa ndio walioathirika zaidi. Watafiti hao walifanya jambo jingine la busara. Walibandika mataji yenye tundu la skrubu, wakayasafisha kwa uangalifu kama ifanywavyo kila siku, kisha wakayafungua na kuyatoa pamoja na nguzo zake ili waone kilichosalia. Walikuta kwamba kadiri ukingo wa taji, yaani mahali taji na nguzo zinapokutana, ulivyozama chini ya ufizi, ndivyo saruji iliyosalia ilivyozidi. Picha za eksirei zilizopigwa kabla ya kufungua ziliionyesha saruji hiyo kwa mara chache tu.

Eksirei basi si ngao. Picha huonyesha pande mbili za kipandikizi zinazotazamana na meno ya jirani, lakini saruji iliyo upande wa shavu au wa ulimi hufichwa na kivuli cha titani. Aidha, ziko aina za saruji ambazo hazionekani kabisa katika eksirei. Ustadi nao peke yake hautoshi. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1997 na Agar na wenzake lilionyesha kwamba hata mabingwa walioambiwa waondoe saruji yote chini ya ufizi wa bandia waliiacha nyingine, na vyombo vyao vikaikwaruza titani. Uchunguzi wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu saruji ya jamii ya methakrilati, ulikuta mabaki katika zaidi ya nusu ya vipandikizi vilivyochunguzwa. Saruji ilipoondolewa, ufizi uliokuwa ukitoka damu ulipona kwa wingi.

LAWAMA KWA ASIYEHUSIKA

Sasa yafaa kuitazama desturi ya kumlaumu mgonjwa. Anapofika na ufizi uliovimba, jibu jepesi ni kwamba hasafishi kinywa chake. Ni kweli kwamba uchafu wa kinywa huleta ugonjwa huu. Ni kweli pia kwamba uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na ugonjwa wa fizi wa zamani huongeza hatari. Hapana anayeyakana hayo. Lakini kumwambia mtu asugue zaidi mahali ambapo mswaki haufiki, ilhali saruji imeachwa hapo na mtaalamu, ni kumtwisha mzigo usio wake. Atasugua mpaka ufizi uchubuke, na saruji itabaki pale pale.

Katika uchunguzi wa Wilson, wengi walipona kwa sababu mtu alikubali kutafuta saruji na kuiondoa. Utaratibu wa haki, basi, ni huu: ufizi unaozunguka taji lililobandikwa kwa saruji unapougua, mtaalamu aanze kwa kuichunguza kazi ya mtaalamu, hata ikiwa ni yake mwenyewe, ndipo auchunguze mswaki wa mgonjwa. Mwalimu anayeona darasa zima limeshindwa hesabu hujiuliza kwanza jinsi alivyofundisha. Daktari wa meno hana sababu ya kujivua wajibu wa namna hiyo.

SARUJI ISIHUKUMIWE BURE

Hata hivyo, uadilifu unadai pande zote zisikilizwe. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na wataalamu wa Uswisi mwaka 2012 na mwaka 2014 hayakuona kwamba njia moja ni bora kwa kila jambo. Mataji ya skrubu yana taabu zake, hasa za kiufundi: skrubu hulegea na kauri huweza kumeguka. Mataji ya saruji huelekea zaidi kuleta matatizo ya ufizi na mfupa. Mkutano wa wataalamu wa Marekani na Ulaya uliofanyika Chicago mwaka 2017 uliyataja mabaki ya saruji kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuashiria hatari, huku ukikiri kwamba ushahidi bado una mipaka. Wala si kila mwenye mabaki ya saruji huugua.

Lakini hebu yapimwe madhara ya pande hizi mbili. Skrubu ikilegea, mgonjwa huhisi taji linacheza, hurudi kliniki, na skrubu hukazwa. Kauri ikimeguka, hutengenezwa au taji hubadilishwa. Mfupa ukiliwa, hakuna fundi anayeweza kuukaza. Hasara inayoonekana na kurekebishika haiwezi kulinganishwa na hasara inayofanyika gizani kwa miaka na kugunduliwa imechelewa. Kwa sababu hiyo, mwenye kuchagua saruji ndiye anayepaswa kutoa hoja, na hoja hiyo lazima iwe na uzito kuliko mazoea.

Tena, chimbuko la tatizo si saruji peke yake, bali ni tamaa ya kuuficha ukingo wa taji ndani kabisa ya ufizi ili jino lipendeze. Kwa meno ya mbele tamaa hiyo inaeleweka. Lakini kwa jino la gego ambalo hakuna mtu alitazamaye, kuuzamisha ukingo huo milimita 2 au 3 chini ya ufizi ni kununua uzuri usioonekana kwa afya inayohitajika kila siku.

WAJIBU WA KILA MTU

Kinga yenyewe haihitaji mitambo ya ajabu. Pale inapowezekana, taji lifungwe kwa skrubu. Siku hizi iko pia njia ya kuchanganya: taji hubandikwa kwa saruji juu ya kitako cha titani nje ya kinywa, saruji iliyozidi husafishwa na kung'arishwa juu ya meza mbele ya macho, kisha taji na kitako chake hufungwa kinywani kwa skrubu. Hapo saruji hutumika bila ya kuukaribia ufizi ikiwa mbichi.

Na pale ambapo hapana budi saruji itumike kinywani, kuna masharti yasiyopaswa kupuuzwa. Nguzo itengenezwe kwa kufuata umbo la ufizi wa mgonjwa huyo, na ukingo wa taji uwe juu ya ufizi au sawa nao, mahali ambapo jicho linaona na chombo kinafika. Saruji ipakwe kidogo. Nafasi kati ya taji na nguzo haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Mwenye kulijaza taji saruji pomoni anajua fika kwamba karibu yote itamwagikia nje. Wako wanaolikandamiza taji kwanza juu ya mfano wa nguzo nje ya kinywa ili ziada itoke huko, ndipo wakalibandika mahali pake. Ichaguliwe saruji inayoonekana katika eksirei. Tena mgonjwa aitwe baada ya wiki chache ufizi wake upimwe, na baada ya hapo apimwe kila mwaka kwa uchache, ukilinganishwa na vipimo na picha ya siku taji lilipowekwa.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Asafishe kinywa kila siku, aache sigara, na asikimbie tarehe za uchunguzi kwa kuwa haumwi. Lakini pia ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Taji litashikizwa kwa skrubu au kwa saruji? Ikiwa ni saruji, ni kwa sababu gani, na ukingo utakuwa wapi? Saruji iliyozidi itaondolewa na kuhakikishwa vipi? Je, atapewa maandishi yanayoonyesha aina ya kipandikizi, aina ya saruji na tarehe ya kazi? Mtumishi anayejua thamani ya jalada lililokamilika hawezi kushangaa kwa nini maandishi hayo yanahitajika. Yeyote atakayemtibu miaka 5 baadaye atajua pa kuanzia.

Mtaalamu anayeulizwa maswali hayo hana sababu ya kuyaona kuwa ni kuvunjiwa heshima. Heshima ya utaalamu hujengwa na kazi inayoweza kukaguliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ufa ni mdogo mno: dakika chache za kusafisha, ukingo uliowekwa mahali panapofikika, na mwito mmoja wa kumrudisha mgonjwa baada ya wiki chache. Ukuta wake ni upasuaji wa taya, mfupa uliopotea, na mtu anayerudi kwenye pengo lile lile baada ya kumaliza akiba yake.